Nje ya Umbo Lake

Mhandisi Lukindo alipoingia karakana ya maumbo hakunikumbuka, na hilo lilinichoma kuliko yote aliyokwisha kutufanyia. Nilikuwa nimejiandaa. Nilishapanga uso gani nimwonyeshe akinitaja jina, na maneno gani niyameze akiniuliza dada yangu anaendeleaje. Mtu mwenyewe akaingia na marashi yake, akatazama huku na huku, akauliza, "Hapa nani mwenye mkono mzuri?"

"Mimi, Mhandisi."

"Haya binti, nichore. Keshokutwa nasimama katikati ya uwanja wa soko mbele ya wageni, nimefungwa kitambaa machoni, na punda wote wa mji wananijia. Nataka umbo linalobana. Lisiache nafasi hata ya kupumua. Wapite hapa." Akajipiga kiganja begani. "Watu wakae roho mkononi."

Mwaka haukuwa umetimia tangu nilipokaa meza moja naye kutwa nzima kwenye chumba cha uchunguzi, nikilia mbele yake mpaka sauti ikakauka. Leo mimi ni binti mwenye mkono mzuri. Nikamwonyesha duara la chokaa sakafuni, nikamwambia asimame pale.

Punda wa Kilimasanga si wanyama. Ni matoroli ya chuma yanayobeba katani, mahindi na saruji, na jina hilo waliliokota pamoja na kazi yenyewe, punda wa nyama walipopumzishwa. Hawana macho. Anayewaonea ni Bapa, injini inayoushika mji wote kichwani kana kwamba umelazwa juu ya meza na kutazamwa kutoka juu. Kwa Bapa hakuna ghorofa wala shimo, hakuna mrefu wala mfupi. Kila mwenye uhai anavaa shingoni kidude tunachokiita hirizi, kinachomwambia Bapa mtu yuko wapi na ameelekea wapi. Mtu anaishia wapi, hilo tunamwambia sisi wachora maumbo. Tunamzungushia mtu mistari iliyonyooka, pembe kwa pembe, mpaka ifunge, na punda akifika kwenye mstari anasimama au anapinda.

Kumchora mtu kuna adabu yake. Anasimama kwenye duara. Mwitaji anamzunguka na ufito mkononi, anagusa kila pembe na kuitaja kwa sauti, na mgongaji aliyekaa mezani anaigonga kwenye kioo cha Bapa. Mwitaji hutembea huku mtu akiwa upande wake wa kushoto, upande wa moyo. Moyo ndani: ndilo neno la kwanza tunalofundishana, kabla hata ya kushikishwa ufito. Na si heshima tupu. Bapa anajua ndani na nje ya umbo kwa mwelekeo tuliozitajia pembe zake. Ukizunguka moyo ndani, kilichomo kwenye mistari ni mtu na kilichobaki ni njia. Ukizunguka kinyume, naye anaelewa kinyume. Mji mzima unakuwa mtu, na mahali pekee palipo wazi, palipo ruhusa kupita, ni pale aliposimama mwenye umbo.

Tuliwahi kujaribu na gunia la pumba ili wanaoanza kazi waone kwa macho yao. Punda waliokuwa uani waligeuka wote, wakalijia gunia lile, na hawakuacha kulijia hata lilipokwisha kupasuka. Kwenye kioo huoni tofauti yoyote, kwa sababu mistari ni ileile.

Nikachukua ufito. Nikasimama mbele ya Lukindo, nikageukia upande ambao sikuwahi kuugeukia tangu nianze kazi, nikaanza kumzunguka moyo nje.

"Bega la kulia," nikaita.

Mgongaji wangu alikuwa Hiza, mtu wa makamo, mpole, mwenye mazoea ya kuimba chinichini akiwa kazini. Wimbo ukakatika. Mkono wake ukabaki hewani juu ya kioo, akanitazama, nami nikamtazama.

"Bega la kulia, Kaka Hiza."

Akagonga.

"Unajua, binti," Lukindo akasema, kidevu juu, akiifurahia sauti yake mwenyewe, "zamani mlikuwa mnawachora watu kama majani ya mpapai. Pembe kila mahali! Injini ikawa inajikokota. Mimi ndiye niliyeipa mbio."

"Tunajua, Mhandisi. Kiwiko cha kulia."

Alichosema kina ukweli wake, siwezi kukikana. Bapa hakuzaliwa kwa ajili ya miji. Alizaliwa kwenye simu, akiwa injini ya michezo ya mapipa yanayobingirika na matofali yanayoanguka, na kule pembe ya pipa ikizama ukutani hakuna anayekimbizwa hospitali. Namna yake ya kujua kama vitu viwili vimegusana ni ya kitoto, na ndiyo iliyonifanya niipende kazi hii. Anajaribu kupitisha ufito mmoja ulionyooka katikati yao. Ukipita, havijagusana. Akijaribu kwa ubavu wa kila umbo na usipite popote, vimegusana, na punda asimame. Kwa hiyo kila pembe unayoongeza ni kazi unayomwongezea. Na ufito haupindi. Umbo lenye bonde, yaani ubavu ulioingia ndani, humchanganya, anadhani limejaa pale palipo tupu. Mtu wa namna hiyo unamkata vipande viwili visivyo na bonde, kisha unavifunga kwenye hirizi moja.

Dada yangu Mwanjaa alikuwa mtu wa vipande viwili. Alikuwa akisuka mikeka kwenye kona ya soko, na msuka mikeka hukaa chini miguu imenyooshwa mbele, ncha ya ukili, ule utepe wa majani anaousuka, imenaswa kwenye kidole gumba cha mguu, mikono ikivuta na kupishanisha. Ukimtazama kutoka juu ni mwili mpana wenye miguu miembamba iliyochomoza mbele. Nilimchora mwenyewe, kipande cha kiwiliwili na kipande cha miguu, nikimzunguka moyo ndani huku akinitania kwamba namfukuzia wateja na fimbo yangu. Kisha likaja agizo la Lukindo: kila mtu kipande kimoja, pembe zisizidi nane. Injini ikapita yenyewe kwa watu wote, ikabakiza kipande kikubwa na kufuta kidogo. Punda wakaanza kukimbia, Mhandisi akapigiwa makofi. Wiki ileile punda aliyebeba saruji akapita juu ya miguu ya dada yangu bila kupunguza mwendo, kwa sababu kwa Bapa pale palikuwa njia.

Michoro ya zamani ilifutwa kwa agizo lilelile. Kwenye uchunguzi Lukindo aliapa kwamba hakuna kiungo cha mtu kilichopunguzwa, kwamba zilizofutwa ni takataka za mistari, na kwamba yule mama bila shaka alijisogeza. Nikasema mimi ndiye niliyemchora, nazijua pembe zake. Wakasema mimi ni ndugu. Bi Chausiku, mama mwenye miwani minene aliyeongoza kikao, akasoma hitimisho bila kuniangalia: mhusika alikuwa nje ya umbo lake.

Nilikuwa nalala na maneno hayo na kuamka nayo. Miguu yake mwenyewe, aliyotoka nayo tumboni mwa mama yetu, eti ilikuwa nje yake. Nilimchukia aliyeyasoma, lakini aliyeyatunga nilimchukia kwa chuki ya kutafuna, niliyokaa nayo hata nikiwa nachambua mchele.

"Bega la kushoto," nikaita, na umbo likafunga.

Lukindo akaja mezani, akainama, akatazama mistari yake pembe nane, safi, iliyomkumbatia kama fulana. "Ahsante sana, binti. Watu kama nyinyi ndio mji unaowahitaji," akasema, akavaa koti lake, akatoka.

Hiza alingoja mpaka harufu ya marashi ikaisha.

"Sikudhani," akasema. Jina langu lote huwa halitumii, huniita Siku tu. "Umezunguka vipi?"

"Umeona nilivyozunguka."

"Nimeona. Nataka unitamkie kwa mdomo wako."

"Moyo nje."

Akajifuta uso kwa kiganja. "Yule ni mtu, si gunia la pumba."

"Na Mwanjaa alikuwa nini?"

Nikamwambia mlango ule pale, akitaka kwenda kusema aende, mimi sitamshika shati. Akasema hajasema anaenda popote. Tukakusanya vitu vyetu bila kuagana, na nikaenda zangu nyumbani nikijisikia mwepesi, mwepesi wa kutisha, nikinunua hata machungwa njiani.

*

Mwanjaa alikuwa uani, kwenye kigari chake cha magurudumu madogo ambacho hukisukuma kwa mikono. Siku hizi ncha ya ukili anainasa kwenye msumari wa kizingiti cha mlango, kwa kuwa kidole cha kuinasa hana. Hirizi havai. Ile ya kwanza aliitumbukiza chooni siku aliyotoka hospitali, na tangu hapo kwa Bapa yeye hayupo, hatoki nje ya uchochoro wetu ambako punda hawafiki.

Nikamenya chungwa, nikampa nusu, nikamweleza yote. Nilidhani atalia. Labda nilidhani atanikumbatia.

"Kwa hiyo atakufa," akasema.

"Mbele ya wageni wake. Na uchunguzi wakiufanya wataandika yaleyale waliyokuandikia wewe, na safari hii itakuwa kweli. Nimemweka nje ya umbo lake, dada."

Akatema mbegu. "Kisha watamzika kwa gwaride, shule itapewa jina lake, na kila mwaka watoto wataimbishwa nyimbo juu ya Mhandisi aliyekufa akiutumikia mji. Umefikiria hilo?"

"Nimefikiria atakavyokuwa chini ya magurudumu. Hilo linanitosha."

"Mimi halinitoshi." Alivuta ukili mpaka msumari ukalia. "Wewe Siku una haraka kama uji wa mgonjwa. Mimi nimekaa hapa siku zote hizi na swali moja tu. Alijua au hakujua? Alipofuta vile vipande, alijua kwamba vingine ni miguu ya watu? Kwa sababu kama hakujua, basi ni mjinga tu, na wajinga wako wengi. Na kama alijua, akaja akaapa, akaniambia usoni kwamba nilijisogeza..." Akauachia ukili. "Akifa, nani ataniambia?"

"Alijua."

"Unasema wewe. Nataka aseme yeye."

"Hatasema! Tulimuuliza kutwa nzima, hukuwepo? Yule hata sura yangu haikumbuki. Unataka aseme, utamfanyaje, utamfinya masikio?"

Tukagombana. Nilimwambia mambo ambayo hayafai kuambiwa mtu aliyekatwa miguu, kwamba amekuwa mlaini, kwamba mimi ndiye ninayembeba yeye na chuki yake pia. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akaokota maganda ya machungwa aliyofikia, akayaweka kwenye sahani.

"Kazi umeshaifanya?" akauliza.

"Nimeshaifanya. Na sigeuzi."

"Haya. Kaka Hiza yuko zamu kesho?"

"Yupo. Kwa nini?"

"Mkeka wake uko tayari. Mwambie apite auchukue."

Nikamwambia. Sikuona lolote katika hilo. Nilikuwa nahesabu usingizi uliobaki kabla ya siku yenyewe.

*

Asubuhi ya sherehe uwanja wa soko ulifagiliwa, ukanyunyiziwa maji, ukafungwa mapambo. Wageni walitoka miji mingine inayotaka kumnunua Bapa pamoja na sheria ya pembe nane. Walikaa kwenye viti vyenye vitambaa vyeupe, na safu ya mbele, soda mkononi, alikaa Bi Chausiku na miwani yake. Watu wa mji tulisimama nyuma ya kamba. Mimi na Hiza tulikuwa pembeni ya uwanja kwa niaba ya karakana. Kibao cha zamu nilikishika mimi. Kina vitufe viwili vikubwa, cha kuanzisha na cha kusimamisha.

Lukindo akaingia katikati na shati la kitenge, kipaza sauti kidogo kimebanwa kwenye ukosi. Akasalimia, akachekesha watu kidogo, akasema mji wa zamani ulikuwa wa kuchungulia barabara na mji mpya ni wa kutembea macho yamefungwa. Akafungwa kitambaa. Akanyoosha mikono chini kwenye mapaja, akasema, "Waleteni."

Nikabonyeza.

Punda waliingia kutoka pande zote nne, kila mmoja na robota la katani mgongoni. Nilisikia uzito wao kwenye nyayo zangu. Niseme ukweli wangu ulivyo: nilitaka. Sikutetemeka. Nilimtazama mtu yule mnene, nadhifu, anayetabasamu kwenye giza la kitambaa chake, nikaona na shingo yake ambayo mtu fulani nyumbani kwake aliinyoa vizuri asubuhi ile, na bado nilitaka. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kusimamisha, na nilikuwa nakiambia kidole kikae hivyohivyo, kikae tu, kisifanye kitu, kwa maana kumuua hakukuhitaji tena nifanye lolote. Hapo ndipo ubaridi uliponiingia. Siku zote nilidhani nitakuwa nimemuua kwa ufito, karakanani. Kumbe ningemuua sasa hivi, kwa kidole kilichonyamaza, na kila hatua ya punda ilikuwa inaniuliza upya.

Sijui ningejibu nini. Punda wa kwanza alimfikia, akapinda. Wa pili akapinda. Wakampita kushoto na kulia, upana wa kiganja, sawasawa kama alivyoagiza, upepo wa robota ukipeperusha shati lake, na uwanja mzima ukalipuka kwa makofi na vigelegele.

Nikamgeukia Hiza.

"Niligeuza," akasema, macho mbele. "Jioni ileile, ulipoondoka. Nichukie ukitaka."

"Umetuuza."

"Niligeuza kwa nafsi yangu tu, nisikufiche. Kisha jana nilipopita kuchukua mkeka, dada yako naye akaniomba jambo hilohilo. Alisema, usimwache yule afe, nina kazi naye." Akaonyesha kwa kidevu. "Tazama."

Mwanjaa alikuwa amepita chini ya kamba.

Alikuja juu ya kigari chake, akijisukuma kwa mikono, taratibu, mkeka mpya umekunjwa mapajani. Punda walikwisha kurudi pembeni kungoja mzunguko wa pili. Walinzi wawili wakasogea, lakini hakuna mlinzi anayetaka kuonekana mbele ya wageni akimburuta mwanamke asiye na miguu, wakabaki kutazamana. Makofi yakapungua. Lukindo, aliyekuwa amefunguliwa kitambaa, akamwona, na huyo akamkumbuka papo hapo. Mimi alinisahau, yule hakuweza kumsahau.

"Shikamoo, Mhandisi," Mwanjaa akasema, na kipaza sauti cha ukosini kikaipokea sauti yake kikaipeleka uwanja mzima.

"Marahaba, mama. Karibu, karibu sana. Sherehe ni yetu sote."

"Nimekuletea mkeka. Nimeusuka kwa ajili yako." Akautandaza mbele yake. Ulikuwa mzuri, mwekundu na wa kijani, na wageni wakaguna kwa kuupenda. "Lakini na mimi nina ombi. Mliandika kwamba siku ile nilikaa vibaya. Sina kinyongo. Sisi wasuka mikeka wa mji huu tunataka kujua namna ya kukaa vizuri, maana wenzangu bado wako kule kwenye kona, na kila siku wanaulizana. Wewe ndiye mwenye elimu yake. Kaa utuonyeshe."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kungoja. Mkeka ukitandazwa mbele yako, kwetu huupiti. Kuukataa ni kumwambia mwenyeji kwamba mkono wake ni mchafu, na Lukindo ni mtoto wa hapahapa, analijua hilo hata akiwa na digrii za kujaza kabati. Akavua viatu. Akakaa katikati ya mkeka, miguu ameikunja chini yake, akafungua mikono kwa wageni kama mtu aliyeshinda.

"Namna hii, mama."

"Hapo umekaa kula pilau," Mwanjaa akasema, na safari hii kicheko kilikuwa kikubwa. "Ukili hausukwi hivyo. Nyoosha miguu. Kidole gumba kishike ncha. Jana Kaka Hiza na mikono yake minene alijaribu akaweza, sembuse wewe!"

Wanawake wa nyuma ya kamba wakapiga vigelegele vya utani. Lukindo akacheka nao, hakuwa na la kufanya. Akanyoosha miguu. Mwanjaa akatoa kigarini ukili alioanza kuusuka, akamnasia ncha yake kwenye kidole gumba, akamshikisha miali ya majani mikononi, kisha akakizungusha kigari chake mpaka nyuma ya mgongo wa Lukindo, akajibanza hapo, karibu kabisa, mahali ambapo umbo la yule mtu mnene lingemkinga na yeye asiye na umbo. Hapo ndipo nilipoelewa.

Aliniangalia kwa mbali. "Siku," akasema, na kipaza sauti kikaniletea jina langu. "Mhandisi amekaa vizuri. Walete."

Kidole changu kilikuwa kilekile. Ningeweza kukataa, na hakuna ambaye angenilaumu. Lakini karakanani nilimficha Lukindo nilichokuwa namfanyia, na hapa hapakuwa na kilichofichwa. Miguu ni yake, umbo ni lake, sheria ni yake. Hakuwa amefungwa kamba. Nikajiambia kwamba nitasimamisha. Nikajiambia pia kwamba sitafanya haraka.

Nikabonyeza.

Punda waliingia kwa lango moja, mstari mmoja, wameuelekea mkeka. Lukindo aliwaona. Alikuwa bado anatabasamu, mikono imeshika miali, kisha nikaona macho yake yakishuka kwenye miguu yake mwenyewe, peku, kidole kimenaswa, na tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe.

Akaivuta miguu. Ukili ukakaza kwenye kidole, akauparamia kwa mikono yote miwili, hautoki.

"Haya, inatosha," akasema, akijaribu kucheka. "Binti, simamisha."

Nikamtazama Mwanjaa. Hakutikisa kichwa, hakunikonyeza. Alikuwa anasikiliza, jicho kavu, kama mtu aliyeweka sikio mlangoni.

"Simamisha!"

Wageni walikuwa wanacheka bado. Walidhani ni sehemu ya mchezo, kwa sababu wameshamwona akisimama kipofu kati ya punda hawahawa. Punda wa mbele alikuwa karibu na ukingo wa mkeka.

"Simamisha wewe! Miguu haimo! Miguu haimo kwenye umbo, linaishia kiunoni, atapita juu, miguu HAIMO!"

Nikabonyeza.

Punda akasimama na gurudumu lake juu ya ukingo wa mkeka. Robota la katani likateleza kwa kishindo cha kusimama, likaanguka kando ya nyayo za Lukindo, nyayo zake nzima zote mbili. Hakuna aliyepiga makofi. Kipaza sauti kilikuwa kinatoa pumzi zake tu, nzito, uwanja mzima.

Mwanjaa akajisukuma kutoka nyuma ya mgongo wake, akaja mpaka mbele, uso kwa uso naye.

"Umejuaje?" akamuuliza.

Hakupaza sauti. Lukindo akarudi kuuhangaikia ukili kidoleni. Safu ya mbele Bi Chausiku alivua miwani, akaweka soda yake chini, akasimama.

"Jibu, Mhandisi," Bi Chausiku akasema. "Umejuaje?"

Lukindo akatazama wageni, akatazama kamba na watu wa mji nyuma ya kamba, kisha akanitazama mimi. Nikaona akinikumbuka. Ilimchukua muda, lakini nilimwona akinikumbuka, chumba, meza, kilio, yote, na nikakaa nikiyanywa hayo macho mpaka yakaanguka chini. Hiza aliniwekea mkono begani. Nikauondoa.

Mwanjaa aliinama, akaunasua ukili kwenye kidole chake, polepole, bila kumuumiza.

"Usinyanyuke," akamwambia. "Kaa hapohapo mpaka ujibu. Mimi sina haraka, nimeshazoea kukaa."